Anwani za Simu ya Upepo: Za Zamani Zimekwisha, Mpya Zipo Tele

Ndugu mkulima wa Nanighi, na wewe mfugaji uletaye ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi, mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya kitu kisichoonekana kwa macho wala kushikwa kwa mkono, nacho chaingia shambani mwako kila siku. Kitu hicho ni anwani. Hatusemi ile ya sanduku la posta, bali ile ambayo kila simu, kila kompyuta na kila mashine iliyomo katika intaneti sharti iwe nayo kabla ya kupeleka habari au kupokea.

Anwani hizo zilikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo imekwisha gawanywa. Labda utasema, "Mimi nalima mahindi na migomba, hayo ni mambo ya watu wa Nairobi." Ngoja kidogo. Picha ya kiwavi jeshi unayompelekea bwana shamba yapita katika njia hiyo. Bei ya maembe yapita humo. Na mto ukijaa huko juu, habari ya maji yanayokuja yaweza kupita humo pia, nayo ikichelewa hasara ni yako. Basi soma mpaka mwisho, kisha uamue kama jambo hili lakuhusu au halikuhusu.

SAUTI IPITAYO HEWANI

Wazee wetu waliita redio ya kupelekea habari "simu ya upepo". Jina hilo lilikuwa zuri, maana lilisema kweli: waya hakuna. Mnara wa simu, Wi-Fi ya shule na sahani ya setilaiti juu ya paa, vyote hivyo ni simu ya upepo. Vyote hutumia mawimbi yasiyoonekana, na kila namna ya wimbi ina tabia yake.

Fikiri habari ya ngoma na filimbi. Sauti nene ya ngoma hufika kijiji cha pili, lakini sauti nyembamba ya filimbi hupotea njiani. Mawimbi nayo ni hivyo. Wi-Fi hutumia mawimbi ya gigahatsi 2.4 na 5, na katika vifaa vipya 6 pia. Mawimbi hayo hubeba habari nyingi kwa haraka, lakini hayaendi mbali. Hutosha nyumba na ua wake. Minara ya simu inayotaka kufika mbali hutumia mawimbi yaliyo chini ya gigahatsi 1. Hayo huenda kilometa nyingi katika nchi tambarare kama yetu, ila hayabebi mzigo mkubwa kama yale ya juu. Tena, majani yenye maji hunywa mawimbi. Ndiyo sababu mtu aliye katika msitu wa kando ya mto huona simu yake imedhoofika, na akitoka kwenda mahali peupe hupata nguvu tena.

Sasa, kwa nini minara ni michache kwetu? Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wilaya yetu ya Tana River, ambayo siku hizi ni kaunti, ilikuwa na watu 315,943 katika nchi yenye zaidi ya kilometa za mraba 35,000. Hawafiki watu 10 kwa kila kilometa moja ya mraba. Mwenye kampuni ya simu hupiga hesabu ya mafuta, ulinzi na wateja, kisha huenda palipo na watu wengi. Kwa sababu hiyo Serikali ina Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ili sehemu ambazo biashara peke yake haizifikii zisaidiwe kupata mawasiliano.

Watu wamejaribu njia nyingine pia. Mwezi wa Julai 2020 kampuni ya Loon ilianza kutumia baluni kubwa zilizoelea kilometa 20 hivi juu ya ardhi, zikitoa intaneti ya Telkom Kenya katika sehemu za magharibi na za kati ya nchi yetu. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini gharama ilishinda faida, na mwaka 2021 ikafungwa. Mwezi wa Julai 2023 huduma ya Starlink ikaanza nchini. Setilaiti zake huzunguka dunia kwa urefu wa kilometa 550 hivi, wakati setilaiti za namna ya zamani zisimamazo mahali pamoja zilikuwa mbali, kilometa 35,786. Kwa kuwa ziko karibu, habari haikawii njiani.

Tena kuna vipima vidogo vitumiavyo njia iitwayo LoRa. Hivi hutuma maneno machache tu, kama vile "maji yamefika mita 3", lakini huweza kuyatuma kilometa kadhaa penye nchi wazi, na betri yake hudumu miaka. Kwa mkulima hicho ni kifaa cha kuangaliwa sana.

Basi twaona ya kuwa simu ya upepo itazidi kusogea kwetu, kwa njia hii au ile. Lakini kila chombo kikija, swali la kwanza litakuwa: kitapewa anwani gani?

MAANA YA ANWANI

Barua isiyo na anwani haifiki. Katika intaneti kila habari hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubandikwa anwani mbili: ya atumaye na ya apokeaye. Desturi ya kuandika anwani hizo huitwa IP. Ile tuliyoizoea ni toleo la nne, yaani IPv4, ambalo kanuni zake ziliandikwa mwezi wa Septemba 1981. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa Marekani uliokuwa mama wa intaneti ukaacha desturi yake ya kwanza na kushika hii.

Anwani ya IPv4 ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, na kila namba ni kuanzia 0 hadi 255. Ndani ya kompyuta yenyewe ni nafasi 32, na kila nafasi huandikwa 0 au 1. Nafasi moja yatoa anwani 2; nafasi mbili zatoa 4; nafasi tatu zatoa 8; na kila ukiongeza nafasi hesabu huongezeka mara mbili. Ukifika nafasi 32 wapata anwani 4,294,967,296. Wakati ule kompyuta za mtandao zilikuwa za kuhesabika, na anwani zaidi ya milioni elfu nne zilionekana kama mchanga wa pwani.

Kwa hiyo ziligawanywa bila choyo, mwenye kuwahi akapata shamba kubwa. Chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipewa zaidi ya anwani milioni 16. Mwaka 2017 chuo hicho kilitangaza kuuza milioni 8 kati ya zile ambacho hakikuwa kikizitumia. Linganisha na Kenya nzima, iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019. Ni kama mtu wa kwanza kufika mtoni kukata mfereji wake mpana kabla wengine hawajapata habari ya kuwa maji yapo.

JINSI ZILIVYOKWISHA

Ulimwengu umegawanywa katika ofisi tano za kugawa anwani. Ya Afrika huitwa AFRINIC, nayo iko Ebène katika kisiwa cha Mauritius. Ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia lilitoa mafungu matano ya mwisho, kila ofisi fungu moja, na ghala likabaki tupu. Fungu lililokuja Afrika ni lile la anwani zianzazo na 102.

Ofisi za Asia na Ulaya zilianza kubana mapema, mwaka 2011 na 2012. Marekani Kaskazini ikamaliza akiba yake huru Septemba 2015. Afrika, kwa kuwa ilichelewa kuanza, ilichelewa pia kumaliza. Lakini tarehe 13 Januari 2020 AFRINIC nayo iliingia katika hatua yake ya mwisho, ambayo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja.

Kitu kikiadimika huwa na bei, na penye bei huja ugomvi. Tangu Februari 2024 kampuni ya Amazon, ikodishayo kompyuta zake kwa watu wa dunia nzima, hutoza nusu senti ya dola kwa kila saa kwa kila anwani moja ya IPv4. Yaonekana ni kitu kidogo, lakini kwa mwezi hupita dola 3 na nusu kwa anwani moja, na biashara kubwa huhitaji maelfu. Ofisi ya AFRINIC yenyewe ilishikwa na kesi nyingi mahakamani kuanzia 2021, hata ikakaa muda bila halmashauri kamili ya kuiongoza, mpaka uchaguzi ulipofanyika Septemba 2025. Sababu kubwa ya ugomvi ilikuwa hizo anwani za zamani zilizobaki: nani azitumie na zitumike wapi.

SANDUKU MOJA LA SHULE

Hapo utauliza, "Kama anwani zimekwisha, mbona simu yangu yafanya kazi?" Swali zuri. Jibu lake walijua tayari, ila hukulijua kwa jina hilo.

Katika vijiji vyetu watu wengi hawana sanduku la posta lao wenyewe. Barua huandikwa "Kwa mkono wa Mwalimu Mkuu", kisha sanduku la shule. Mwalimu Mkuu huzipokea barua zote, hutazama majina, na kuzigawa. Sanduku ni moja, watu ni mia.

Kampuni za simu zafanya vivyo hivyo. Anwani moja ya kweli hushirikiwa na wateja wengi. Mashine iliyo katikati huandika katika daftari lake: "Huyu ameuliza habari fulani", na jibu likija hulipeleka kwake. Anwani zilizo ndani ya nyumba, kama zile zianzazo na 192.168 katika Wi-Fi, ni za ndani tu. Hazijulikani nje, kama vile jina la utani la mtoto lijulikanavyo kwao peke yake.

Njia hii ilianza kuelezwa mwaka 1994 kuwa dawa ya muda, nayo imeusaidia ulimwengu sana. Lakini ina upungufu wa namna tatu, na yafaa uujue.

Kwanza, barua ya mgeni haifiki. Mwanafunzi aliyeandika barua atapata jibu, maana mwalimu amekwisha andika jina lake. Lakini mtu wa mbali akitaka kumwandikia mwanafunzi kwa mara ya kwanza, akaandika namba ya sanduku tu, barua hulala ofisini. Mashine iliyo nyuma ya anwani ya kushirikiana yaweza kuita nje, bali haiitiki ikiitwa kutoka nje.

Pili, kosa la mmoja huwa la wote. Mtu mmoja akitumia anwani hiyo kwa udanganyifu, huduma nyingine huifungia anwani nzima, na wasio na hatia hufungiwa pamoja naye.

Tatu, daftari hugharimu fedha. Wateja wakizidi, kampuni sharti inunue mashine kubwa zaidi za kuandika nani ameuliza nini, na gharama hiyo mwishowe hulipwa na mnunuzi wa bando.

MTO WETU NA VIPIMA VYAKE

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Nanighi iko kando ya Mto Tana, chini ya Garissa, na ndipo palipojengwa pampu za kupeleka maji katika mfereji wa Mpango wa Umwagiliaji wa Bura, uliowapokea wakulima wake wa kwanza mwaka 1981. Wakulima wa Bura wajua vizuri maana ya pampu kusimama: maji hayaji, mimea hukauka, na watu huondoka.

Juu yetu kuna mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikizidi na mabwawa yakajaa, maji humwagika na kushuka. Huchukua siku kadhaa kutoka huko mpaka kwetu, na zaidi kufika Hola na Garsen. Siku hizo ni zawadi kwa mtu aliyepata habari: huvuna mahindi yaliyokomaa, huhamisha mbuzi, huinua pampu yake ndogo kutoka ukingoni. Kwa mtu asiyepata habari siku hizo hazipo. Twakumbuka mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023, na ya Aprili na Mei 2024, wakati maji yalipoikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, watu wakavuka kwa mashua, na mashua moja ikazama na kuua. Barabara ikikatika, lori halipiti wala pikipiki haipiti. Kipitacho ni wimbi la hewani.

Tuseme sasa kikundi cha wakulima, au kaunti, kinataka kuweka kipima maji mtoni chenye laini ya simu ndani yake. Kila saa chatuma urefu wa maji. Kwa anwani ya kushirikiana kitaweza kutuma, maana chenyewe ndicho kiitacho. Lakini usiku wa mafuriko ofisa akitaka kukiuliza hapo hapo, "Maji yamefika wapi?", hawezi kukiita moja kwa moja. Itambidi akodi kompyuta ya mtu wa kati, ambayo kipima na ofisa wote waiite, nayo iwapokeze maneno. Kazi itafanyika, lakini kwa kodi ya kila mwezi, na mtu wa kati akilala, wote wamelala. Tena, hata vile vipima vidogo vya LoRa, ambavyo kwa kawaida vyenyewe havina anwani ya intaneti, vina lango lao la kupitishia habari, na lango hilo lahitaji anwani.

Kipima kimoja si shida. Lakini fikiri vipima vya mto kutoka Garissa hadi Garsen, vipima vya mvua, milango ya mifereji, pampu za visima vya mifugo, na kola za ng'ombe. Hapo ndipo utaona ya kuwa anwani za mwaka 1981 haziwezi kutosha.

ANWANI MPYA

Wataalamu hawakungoja ghala liishe. Toleo jipya, IPv6, lilitangazwa mwaka 1995, likarekebishwa Desemba 1998, na kuthibitishwa kuwa kanuni kamili Julai 2017. Tarehe 6 Juni 2012 kampuni kubwa za dunia zililifungulia mlango pamoja, na hazikulifunga tena.

Anwani ya IPv6 ina nafasi 128 badala ya 32. Mwenye haraka atadhani ni mara nne tu. Sivyo. Kumbuka kanuni yetu: kila nafasi moja huzidisha hesabu mara mbili. Kwa nafasi 128 wapata namba ianzayo na 340, kisha tarakimu 36 nyuma yake. Fungu dogo la kawaida, lipewalo nyumba moja, lina anwani nyingi kuliko intaneti yote ya zamani ikizidishwa mara milioni elfu nne. Basi kila kipima, kila pampu na kila simu yaweza kuwa na sanduku lake yenyewe.

Ukiiona utaitambua. Ni ndefu, imetengwa kwa nukta pacha badala ya nukta moja, na huchanganya tarakimu na herufi a mpaka f. Nyingi za zile zilizotengewa Afrika huanza na 2c0.

Liko jambo moja la kuelewa. Anwani mpya na ya zamani hazisikilizani zenyewe. Ni kama mtu ajuaye Kipokomo tu na mtu ajuaye Kiorma tu: wote wana akili, lakini hawaelewani. Hivyo kwa muda mrefu vifaa vyapaswa kujua lugha zote mbili, au awepo mkalimani katikati. Ndiyo sababu mabadiliko haya yachukua miaka mingi, wala hapana siku moja ambayo mtandao wa zamani utazimwa na simu yako kufa.

Mfano wake tulikwisha uona. Mwaka 2019, namba za simu zianzazo na 07 zilipokaribia kwisha, Mamlaka ya Mawasiliano ilifungua namba zianzazo na 01. Mwenye 07 hakunyang'anywa namba yake. Bali wale waliodhani ya kuwa 01 ni namba ya matapeli walikosa simu za watu wao. Mambo mapya hayamdhuru mtu kwa upya wake. Humdhuru kwa kutojua.

Nchi nyingine zimekwenda mbele. Huko Uhindi kampuni ya Jio ilipoanza mtandao wake wa simu mwaka 2016 iliujenga kwa IPv6 tangu msingi, na leo nchi hiyo ni mojawapo ya zinazoongoza ulimwenguni. Wahindi hawakufanya hivyo kwa anasa. Watu ni wengi na anwani za zamani zilikuwa chache, kama sisi. Afrika bado iko nyuma katika jambo hili, ingawa ndiyo inayohitaji zaidi, kwa kuwa watu wetu wengi hawajaunganishwa bado. Anayejenga sasa ana bahati moja: aweza kujenga upya bila kubomoa.

YAFAA UFANYE NINI?

Si kazi yako kubadili mitambo ya kampuni. Lakini yako mambo ambayo mkulima, mwalimu au mwenyekiti wa kikundi aweza kuyafanya.

1. Pima simu yako. Fungua mipangilio, nenda sehemu isemayo habari za simu, utazame anwani ya IP. Ukiona anwani ndefu ianzayo na 2c0, kampuni yako imekwisha kukupa anwani mpya. Ile ianzayo na fe80 ni ya ndani tu, usiihesabu. Ukiona namba nne fupi peke yake, hujapewa. Usiogope, ila uliza.

2. Mkinunua kifaa cha kikundi, kama vile ruta, kipima maji au kamera ya ghala, someni maandishi ya sanduku au karatasi yake. Kiwe kinajua IPv4 na IPv6 pia. Kifaa cha namna hii hukaa miaka mingi, na bei rahisi ya leo yaweza kuwa hasara ya kesho.

3. Badilisha neno la siri lililokuja na kifaa kutoka dukani. Anwani ya kushirikiana ilikuwa kama ua uliowaficha wengi. Kifaa chenye anwani yake chaweza kuitwa na rafiki na mwizi pia, isipokuwa mlango wake umefungwa. Mwambie fundi aweke ulinzi wa kuzuia wageni, kisha akuonyeshe kwamba wafanya kazi.

4. Mtu akija kijijini kukuuzia "anwani mpya", au akisema simu yako itafungwa usipolipa, mfukuze. Anwani hupewa na kampuni ya mtandao, nayo huingia katika kifaa yenyewe bila wewe kuandika kitu wala kulipa mtu mlangoni.

5. Usiitupe redio. Redio haihitaji anwani. Husema mara moja na wote wakasikia, hata aliye na betri mbili tu. Intaneti humfaa mtu ataye kuuliza na kujibiwa. Kijiji chenye busara huweka njia zote mbili, na mtu wa kupiga mbiu kwa miguu awe wa tatu.

6. Hudhuria baraza. Katiba ya mwaka 2010 yakupa haki ya kutoa maoni juu ya fedha za kaunti. Ukisikia vipima vya mto, minara au intaneti ya shule na zahanati vimo katika bajeti, simama uulize maswali matatu: Je, mawimbi yatafika mpaka kwetu, na nani amepima? Je, mtambo utapata umeme siku ya mafuriko? Je, vifaa vyajua anwani mpya?

Swali hilo la tatu laonekana la kitaalamu, na huenda watu watakutazama kwa mshangao. Uliza hata hivyo. Fedha ni za umma, na kitakachowekwa mwaka huu kitategemewa kwa miaka 10 au zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu bado ni mdogo, waweza kuzibwa kwa mstari mmoja katika karatasi ya manunuzi.

Maji ya Tana hayangoji mtu asome. Yakianza kushuka, hushuka usiku na mchana mpaka baharini. Tulichonacho sisi ni zile siku chache za kuwatangulia, na siku hizo zina faida iwapo mashine iliyo juu ya mto yaweza kuitwa na kuitika, na wewe huku chini wapata jibu lake ungali na wakati wa kufungua kamba za mbuzi.

Kama una swali juu ya mambo haya, liandike kwa ufupi ulilete katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe. Tutakusanya maswali ya wasomaji, tuwaulize wataalamu, na majibu yao tutayachapa katika kurasa hizi.